Vipimo Viwili Katika Ndoo Moja

Nakiri: asubuhi moja pale Kalundu, mimi mtafiti wa maji nililihukumu Ziwa Tanganyika. Niliazima ndoo ya maji ya ziwa kwa Mama Riziki, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikatumbukiza humo vipimo nilivyounda mwenyewe: kimoja cha uchachu, kingine cha chumvi. Skrini yake ikaonyesha maji machachu kama ndimu. Nikamkataza kuosha samaki. Jua likapanda, nzi wakaja, ndagala zikaanza kunuka.

"Dokta, ziwa iko inakufa?"

"Ndiyo, mama," nilijibu kwa huzuni ya mtunga mashairi.

Akachoka, akachomoa kipimo cha chumvi, ambacho umeme wake ulikuwa ukikivuruga kile kingine. Papo hapo namba ya uchachu ikarudi ilipostahili.

"Ah! Maji imepona," akasema. "Toa na kale kengine, dokta, nioshe samaki."