Tepu Iliyokunjwa Ncha

Mtaa mzima unamwita Mama Volti, ingawa hajazaa hata fyuzi. Anatengeneza laptopu kwenye chumba ambacho ukinyoosha miguu, mmoja unakuwa kwa jirani kinyozi. Mteja akiingia na kusema "betri imekufa," hamwamini. Watu wanapenda kuzika betri zikiwa hai. Kwanza anapima chaja kwa mita. Kisha anamulika tundu la chaji, maana humo ameshatoa mchanga, njiti ya kiberiti na siku moja punje ya mchele. Akikosa jibu hapo ndipo anashika bisibisi.

Hayo yote alimfundisha mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa kwao, ambaye shuleni alifeli kwa mdomo kabla hajafeli kwa kalamu. Alimpa kiti, akampa na funguo. Jumatatu ijayo alikuwa amkabidhi duka la pili, ng'ambo ya barabara. Kibao kilikuwa kimeshachorwa.

Ijumaa akaingia mpiga picha za harusi, amenuna mpaka masikioni.

"Fundi, umeniaibisha. Ukumbi umejaa, naonyesha picha, mashine inasoma asilimia arobaini, mara zii. Watu wakadhani ndoa ndiyo imekatika."

"Si nilikuwekea betri mpya juzijuzi?"

"Basi imezeeka haraka kuliko mimi."

Mama Volti akapima chaja: nzima. Tundu la chaji: safi. Akichomeka, laptopu inawaka. Akichomoa, inazima papo hapo. Akafungua mfuniko. Betri aliyoikuta si ile aliyoiweka yeye. Ilikuwa imevimba kama shavu lenye jino bovu.

Ulimi ukamwasha amsute mpiga picha kwa kuzurura kwa mafundi wengine. Kisha akaona tepu juu ya waya wa betri. Ncha yake ilikunjwa kidogo, ili fundi atakayefuata aivute bila kuchana waya. Mafundi wa mtaa ule hawana adabu hiyo. Wao hubandika tepu kana kwamba wanaziba bomba la maji. Ukunjo ule alikuwa ameubuni mwenyewe, na alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu.

"Ulirudi hapa lini?" akauliza taratibu.

"Jumanne. Kibodi ilikuwa inakwama. Hukuwepo, mdogo wako akanisafishia. Kijana ana maneno matamu huyo."

Mwenye maneno matamu akaingia wakati huohuo, soda mkononi. Hakuhitaji hata kuuliza kulikoni.

"Kaka, hiyo ni chaja," akamwambia mpiga picha, akiigonga kwa kidole kama dada yake anavyofanya. "Inaua betri polepole, wewe huku unamlaumu fundi."

Mpiga picha akaanza kutikisa kichwa kukubali. Dada angenyamaza tu, yangeisha. Jina la duka lingepona, na Jumatatu ingefika.

"Chaja ni nzima," akasema Mama Volti. "Betri niliyoweka iko wapi?"

"Dada, mbele ya mteja kweli?"

"Mteja ndiye mwenye betri."

Kijana akacheka kidogo, akaona anacheka peke yake. "Kuna jamaa alikuwa na haraka, nikampa. Nilijua huyu akirudi utamwekea nyingine bure. Wewe tena, nani asiyejua roho yako?"

Angekana, dada angejua la kufanya. Waongo anawaona kila siku. Lakini huyu alikuwa ameupigia hesabu wema wake, akauweka kwenye droo pamoja na spea nyingine.

Akamgeukia mpiga picha. "Betri yako imeibwa humu dukani kwangu, na aliyeiiba ni ndugu yangu wa tumbo moja. Kaa, nakuwekea nyingine sasa hivi."

Kijana akanyoosha mkono achukue bisibisi amsaidie, kwa mazoea. Dada akaisogeza mbali.

"Na Jumatatu?" kijana akauliza, sauti imepungua chaji.

"Jumatatu nafungua mwenyewe," akasema, akainama kwenye mashine asije akaonekana macho.