Mume wa Mumbua

Katunge hakuwahi kuwa mtu wa kutulia, lakini mwaka huu alizidi. Chai aliinywa akiwa amesimama. Jembe aliliacha katikati ya shamba akarudi nyumbani kupekua sanduku alilolipekua asubuhi hiyohiyo. Majirani pale Kikima wakasema mwalimu mstaafu amepatwa na kitu, na kweli alikuwa amepatwa.

Kaka yake Mbuvi, mzee wa kanisa, alikuwa ameitisha mkutano wa ukoo mzima mwezi wa Desemba. Kungekuwa na bango lenye mti wa majina ya watu wote. Nafasi ikawa haitoshi, kamati ikakaa, ikaamua wataandikwa wenye watoto peke yao. Katunge hakuzaa. Aliolewa, akaachwa kwa sababu hiyo, akafundisha watoto wa wenzake miaka nenda miaka rudi, na sasa jina lake linaachwa nje kwa kukosa nafasi! Iliuma. Iliuma zaidi kwa kuwa kamati hiyohiyo ilimpa kazi ya kutafuta jina la kuandikwa shinani, la babu aliyeanzisha ukoo.

"Wewe si uko na wakati," Mbuvi alimwambia.

Katunge aliikubali kazi. Alijiambia kwamba akimpata huyo babu, wataona haya kumwacha nje.

Pa kuanzia palikuwapo. Ndani ya jalada la Biblia ya Kikamba aliyoiacha babu yao, wajina wa kaka yake, mliandikwa: Mbuvi wa Mulwa wa Mumbua. Mumbua ni jina la mwanamke, lakini hilo halikumshangaza, maana mzee akiwa na wake wengi, watoto hujulikana kwa nyumba ya mama. Kilichobaki ni kumpata mume wa Mumbua. Alikwenda Makindu kwa binamu mwenye picha za zamani, akaonyeshwa harusi tupu. Aliuliza wazee wa Mbooni, kila mmoja akampa mume tofauti, na mmoja wao akamtajia babu yake mwenyewe bila haya.

Mwishowe alivuka hadi Kabati, upande wa Kitui, alikozaliwa Mulwa kabla njaa kuu haijamkimbizia Mbooni. Huko aliishi ajuza aliyeitwa Kasyoka, ambaye nyanya yake alikuwa dada ya Mulwa. Alimkuta akipepeta ndengu.

"Susu, nataka jina la mume wa Mumbua," alisema hata kabla ya kupewa kiti.

"Alikuwa na bwana, akakufa mapema. Jina sijui. Lakini Mumbua hakuzaa, mama. Hakuzaa kabisa."

"Na Mulwa?"

"Mulwa na nyanya yangu walizaliwa na Mbithe. Mumbua ndiye alipeleka mbuzi kwa kina Mbithe, akamuoa. Si unajua iweto?"

Katunge alijua. Ukambani nani asiyejua? Mwanamke asiye na mtoto huoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa huwa wa nyumba yake na kuitwa kwa jina lake. Alijua, na miezi yote hiyo halikumpitia akilini, kwa kuwa kanisani kwao jambo hilo hunong'onwa tu. Alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akalia kweli. Kasyoka aliendelea kupepeta ndengu zake.

Mbuvi alipoelezwa hakucheka. Alikuwa ametandaza mezani karatasi ya mfano wa bango, shina likiwa bado tupu.

"Hiyo hatuweki," alisema. "Pasta atakuwa hapo. Andika mwanaume yeyote, hata huyo bwana aliyekufa."

"Huyo hakupeleka hata mbuzi mmoja kwa kina Mbithe."

"Katunge, watu watatucheka."

"Sawa. Kamati ilisema wenye watoto peke yao, na Mumbua hakuzaa. Mtoe." Akamwekea mkasi juu ya karatasi. "Lakini anza kukata hapa chini, ukipanda, mpaka ufike kwako na kwa wajukuu wako."

Mbuvi aliutazama mkasi. Nje wajukuu wake walikuwa wakigombania baiskeli, na mmoja akaita, "Babu!" Katunge akachukua kalamu mwenyewe, akaandika Mumbua shinani kwa herufi kubwa, na bila kumwomba mtu ruhusa akaandika Katunge kando yake.