Nilivyompeleka Neema Kubatizwa Fukayosi

Niliondoka Dar es Salaam Jumamosi alfajiri, na kilichoniondoa ni barua. Mzee wa kanisa letu la Fukayosi, yule aliyenifundisha katekisimu utotoni, aliandika kwamba mwanangu Neema hatabatizwa mpaka nipige magoti mbele ya usharika niungame kuwa nimezaa nje ya ndoa. Baba yake Neema anaimba besi katika kwaya ya kanisa hilohilo. Yeye hakuandikiwa barua. Mchungaji hufika kule mara moja kwa miezi mitatu, na Jumapili yake ilikuwa kesho yake.

Mapinga, saa mbili. Basi lilizama kwenye tope, tukashushwa. Neema mgongoni, viatu mkononi, nilitembea nikipanga maneno ya kumwambia yule mzee. Tulipopanda tena nilikuwa nayo ya kutosha juma zima.

Bagamoyo, adhuhuri. Nilipumzika kwa Bi Mwanahawa, aliyeuza nazi pamoja na mama yangu miaka mingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akampokea mtoto, akanipa wali na samaki kabla ya kuniuliza lolote. Nilipomweleza alicheka.

"Sisi, mwanangu, siku ya kiyama kila mtu na mzigo wake. Nyinyi mnasema mmepata wa kuwabebea. Sasa huu anaokudai mzee wenu ni mzigo gani tena?"

Nikamwambia ampelekee mwenyewe swali hilo. Akasema hana miguu ya tope.

Fukayosi, alasiri. Nilifika kwa lori lililokuwa limeshusha mkaa mjini. Nilimwambia mama wazi kuwa sipigi magoti: kama Yesu alihukumiwa badala yangu, kesi imekwisha, hawa wanaifungua upya kwa idhini ya nani? Mama aliendelea kumenya mihogo. Nilidhani hakusikia.

Jumapili, kanisani. Mchungaji alihubiri msalaba, jinsi asiye na kosa alivyosimama mahali pa wenye makosa. Watu wakaitikia amina, na besi ya baba Neema ikazidi zote. Kisha mzee akaita jina langu. Nikakaa palepale.

Aliyeinuka ni mama. Alikwenda mbele na miguu yake mibovu, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo.

"Inuka, mama," mzee akasema. "Wewe hukutenda. Hakuna anayetubu kwa niaba ya mwingine."

"Najua sikutenda," mama akajibu. "Na Bwana naye hakutenda. Hapo mliitikia amina."

Nilikwenda kumwinua, nimemkasirikia yeye kuliko wote, maana nani alimtuma? Akanisukuma kwa mkono. Mzee alimtazama mchungaji, mchungaji akatazama sakafu. Mwishowe mchungaji alishuka, akamwinua mama yeye mwenyewe, akasema, "Mleteni mtoto."

Jumatatu, njia ya kurudi. Mzee hakuja kuniaga. Alituma maboga mawili. Maboga nimepokea, msamaha bado sijautoa. Baba yake Neema hajaitwa na mtu mpaka leo.

Mimi nimesoma hadi kidato cha nne; mama hakuvuka darasa la pili. Mafundisho ya msalaba niliyakariri nikiwa na miaka kumi, na njiani nilikuwa nimeyashika kama fimbo ya kumpigia mzee. Kabla sijamwosha mama udongo ule magotini, sikujua kwamba kubebewa kunauma namna hii.