Mlango wa Uani Kwenye Kioo cha Kompyuta

Mdogo wangu anapenda kompyuta iwe kama ofisi ya serikali: kijivu, kimya, kila kitu mstarini. Mimi nataka nikiiwasha nione kitu cha kuifurahisha roho, ndipo nifanye kazi. Sasa hebu tutie sisi wawili katika chumba kimoja hapa Palma, karibu na soko, na kompyuta moja tu, tena kuukuu, ya kuwachapia watu maombi ya kazi na barua za mtaa, zile za kuthibitisha mtu anakaa wapi. Hatukugombania chakula wala nguo. Tuligombania kioo.

Mimi nilikuwa nimekipamba kweli. Madirisha yake hayakufunga pap kama ya wengine. Ukiyafunga yalififia taratibu, yakawa kama moshi wa ubani, halafu ndiyo yakaondoka. Herufi nilizitia vivuli. Mausi ilivuta mkia wa vinyota. Nilijifunza mwenyewe kwa kubofyabofya, na kila nilipogundua jambo jipya nilicheka peke yangu. Mdogo wangu alisomea kompyuta Pemba tulipokuwa ukimbizini, akapewa na cheti, basi kila kivuli changu kilimkera.

"Dada, mashine hii haina nguvu. Wewe unaitwisha mapambo, na huo moshi unapoteza muda."

"Na wewe unaivua nguo."

Asubuhi akitangulia kufika, anafuta vinyota. Mchana akienda kuswali, mimi navirudisha. Ndivyo tulivyoishi, mara tumenuniana, mara tunacheka.

Kitu kimoja tu sikukubali akiguse: picha ya nyuma. Ilikuwa picha ya nyumba yetu ya zamani, upande wa uani. Binamu yetu wa Mtwara aliipiga alipokuja kutembea, kabla hatujakimbia vita. Alikuwa ametusaidia kupaka chokaa na alitaka akajisifie kwao. Ukuta mweupe, madirisha ya buluu, mtungi wa maji, mhina, nguo kwenye kamba. Nyumba ile iliungua, na ndani yake ikaungua kila karatasi, pamoja na kitambulisho cha mama. Mama mwenyewe tulimzika hukohuko ukimbizini, homa ilimchukua. Kitambulisho kile ndicho pekee kilichokuwa na sura yake, maana mama alikuwa hapigwi picha, aka! Ukimwelekezea simu anajifunika kapulana yake, ile kanga ya huku, anakimbilia ndani huku anacheka. "Nikifa mtakaa mnanitazama mnalia," alikuwa akisema, "hata kupika hamtapika."

Binamu alitutumia picha ile baadaye, angalau tuwe na nyumba ya kuangalia. Simu yangu kioo chake kimepasuka vibaya, huoni kitu. Nikaihamishia kwenye kompyuta, ikajaa kioo kizima, na faili zangu zikajipanga zenyewe upande wa kushoto, juu mpaka chini, kama kompyuta inavyopenda. Sikuhangaika nazo. Kushoto palikuwa na mlango wa uani tu, umefunguka kwenye giza la ndani. Niliyoyataka yalikuwa kulia.

Basi mteja akikaa mbele yangu ananitajia jina la kijiji chake, herufi moja moja, mimi nishafika uani zamani. Nasikia maji yanamiminwa mtungini. Nasikia harufu ya chokaa mbichi. Kuna upepo mdogo kwenye zile nguo, na nikizitazama sana naona kabisa zinakaribia kukauka, kwamba punde tu mtu atatoka azianue kabla umande haujaanguka. Sijui nilikuwa nakaa humo muda gani. Ninachojua ni sauti ya mdogo wangu: "Dada, mteja anakungoja," na mimi nashtuka, nauliza upya jina la kijiji.

Siku moja, mvua imetufungia ndani, wateja hakuna, aliniambia jambo bila kunitazama.

"Wewe una bahati. Ukiiangalia nyumba ile unamwona mama. Mimi naona ukuta. Nimeanza kuisahau sura yake, dada. Najua alikuwa na mwanya, lakini najua tu. Siuoni."

Nikaanza kumweleza, macho yalivyokuwa, paji la uso, namna alivyocheka. Akanizuia kwa mkono.

"Usinielezee. Ukinielezea naona maneno yako, yeye simwoni."

Nilikuwa na hasira, tena hasira na mama mwenyewe. Picha moja tu, mama! Ungepungukiwa nini? Nilikuwa radhi kutoa ule mhina wote na ukuta na kila kilichokuwamo, nimpatie mtoto huyu uso wa mama yake hata wa ukubwa wa kucha. Sikuwa nao. Nikaenda kusimama mlangoni kuangalia mvua.

Baada ya hapo mapambo yangu yakanitia aibu. Alikuja baba mmoja wa Awasse, anaomba kazi ya jikoni kule kambi ya gesi ya Afungi, gari la kumpeleka limeshawashwa nje, dereva anapiga honi. Barua yake nimeimaliza. Nafunga dirisha moja nifungue jingine, likafifia nusu, likaganda. Moshi wangu wa ubani ukasimama palepale, haurudi wala hauendi, na mashine inavuma kama ina pumu. Ikabidi tuizime, na barua ikapotea. Mdogo wangu akachukua kalamu, akaiandika upya kwa mkono, herufi nzuri, upesi upesi. Yule baba akaikunja, akaniangalia, akasema kwa upole, "Binti yangu, kompyuta yako nzuri sana kwa kuitazama." Akakimbilia gari lake.

Loo! Mdogo wangu hata hakunicheka. Ndilo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, mdogo wangu kisharudi kutoka msikitini na soko bado limetulia, nikampisha kiti mwenyewe. "Haya, kaa. Vua yote. Ila picha niachie."

Akakaa. Akafuta vinyota, akafuta vivuli, akafuta moshi. Akajaribu dirisha moja, likafunga pap. Kisha akazikusanya faili zote, zile za barua za mtaa, za maombi ya kazi, za vyeti vya shule, akazitia katika faili moja kubwa, akaliburuta mpaka chini kulia, kwenye mchanga wa uani, ambako halikuziba chochote. Kushoto pakawa peupe kwa mara ya kwanza tangu niiweke picha ile.

"Haya," alisema. "Nyumba yako hiyo, imefagiliwa."

Mimi nikaenda zangu kwenye mhina kama kawaida. Yeye macho yake yakabaki kushoto. Akasogeza uso, akasogeza tena, karibu paji lake liguse kioo.

"Dada. Mlangoni pana mtu."

"Hapana mtu. Giza tu hilo."

"Pana mtu, wallahi."

Nikainama. Alikuwa mama. Alikuwa amekimbia simu ya binamu kama siku zote, akajificha nyuma ya mlango, halafu akachungulia aone kama kijana amemaliza. Bega moja nje, mkono umeshika fremu, kapulana imemteleza kichwani. Usoni amejipaka nsiro, ule unga mweupe wa mti wanaojipaka wanawake wa huku, ndiyo maana hata gizani alionekana. Anacheka. Mwanya unaonekana.

Mdogo wangu akajaribu kumkuza, mama akavunjikavunjika, akawa vipande vya rangi. Akamrudisha haraka. "Hapohapo panatosha," alinong'ona. "Asikuzwe, asije akaondoka."

Faili la barua za mtaa ndilo lililokuwa limekaa pale, sawasawa juu ya uso wake. Yarabi, kila asubuhi nilikuwa nambofya mama yangu nifungue kazi! Nilimwambia hivyo mdogo wangu, akacheka huku machozi yanamtoka, nami nikacheka na kulia, na siku ile kweli hatukupika.

Tulikuwa bado tunajifuta macho alipoingia bibi mmoja wa Nhica kutaka barua ya mtaa. Mdogo wangu akamkaribisha kiti, akafungua dirisha, akachapa, akatoa karatasi. Kazi safi, nyepesi, haikuganda popote. Bibi akashukuru, akaenda zake. Mdogo wangu akafunga dirisha. Pap! Mama huyo mlangoni, ghafla hivyo, na mdogo wangu akaruka kwenye kiti.

Akalifungua tena. Akalifunga. Pap. Akabaki ameshika mausi, hanitazami.

"Dada, ule moshi wako unarudishwaje?"

"Si ulisema unapoteza muda?"

"Upoteze," alisema. "Huo mmoja tu, vinyota baki navyo. Nataka mama awe anatoka polepole."