Jasho la Mama Pindo

Mama Pindo hakuwa mvivu, na anayesema alikuwa mvivu na aje tuonane. Miaka thelathini alikanyaga cherehani barazani kwake, akipinda suruali za watu mpaka jina alilopewa na wazazi likasahaulika. "Miguu hii ikigoma," alizoea kusema, "cherehani inakuwa meza tu, na mimi nakuwa mzigo wa mwanangu."

Alipofika hamsini na mbili, hedhi imeshakoma, alikwenda na mdogo wake kupima damu. Wote wawili, mafuta yamepanda.

"Mama zangu," nesi akawaambia, "hedhi ikishakoma mafuta kwenye damu hupenda kupanda, na moyo ndio unaoumia. Fanyeni mazoezi. Kila siku nusu saa, jasho liwatoke."

Jasho liwatoke! Neno hilo ndilo alilorudi nalo nyumbani.

Mdogo wake alinunua raba, akawa anatembea mbiombio kila alfajiri hadi uwanja wa shule na kurudi, anahema. "Dada, twende!"

"Niende wapi? Mwenzio jasho linanifuata hapahapa nilipokaa!"

Na kweli lilimfuata. Lile joto la ghafla linalowapata wanawake hedhi ikikoma lilimpanda kifuani, mara tano, mara sita kwa siku, likamlowesha blauzi, naye amekaa kitako kwenye kigoda. Akijifuta kwa kipande cha kitambaa, anacheka: "Nusu saa yangu hiyo!" Miguu inakanyaga taratibu, moyo hauna habari. Masikini, alijiona anatii. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwaka wa pili, asubuhi moja, uzi ulikatika akashindwa kuutunga. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala juu ya suruali ya mtu, mguu wa kushoto umeteleza kwenye kanyagio. Akataka kumwita mwanawe, mdomo ukaenda upande.

Wodini alimkuta nesi yuleyule, akimkunja goti lililokufa ganzi na kulinyoosha. "Mama, si nilikwambia ufanye mazoezi?"

Mama Pindo alikusanya ulimi kwa shida. "Nilitoka jasho. Kila siku. Ulisema jasho."

Nesi alimtazama shingoni. Jasho lilikuwa linamtiririka saa ileile, na tangu juzi hajajigeuza kitandani. Goti likabaki mikononi mwake.

"Mama," akasema polepole, "hilo si jasho la mazoezi."

Mama Pindo akamkodolea macho. "Kumbe kuna majasho mawili?"