Baltazar Akaribia Mstari wa Godoro la Mama Mkwe

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Kitaji mjini Musoma, Baltazar Mafuru amepiga magoti mbele ya gurudumu la gari utadhani anatubu. Mkononi ana drili. Mahali pa kile chuma cha kutobolea ukuta kuna kipande cha sponji kilichochongwa mfano wa embe. Anakipaka dawa nyeupe ya kung'arishia, anakichomeka katikati ya matundu ya rimu, anabonyeza. Drili inanguruma, dawa inaruka, na paji la uso linajaa madoadoa.

Waya wa umeme umetoka saluni ya jirani. Mashine ya kukaushia nywele ikiwashwa, drili inazubaa, naye inambidi asubiri kichwa cha mtu kikauke.

"Ukiikimbiza, sponji inaungua na rimu inabaki na mawingu," anasema bila kuinua uso.

Gari ni la Silasi, dereva wa Butiama, anayelipeleka harusini Jumamosi. Jana rimu zake zilikuwa nyeusi kama chungu cha kupikia pombe. Leo Silasi amechuchumaa mbele ya ile iliyomalizika, anajikagua meno.

Kwa rimu nne Baltazar anatoza shilingi elfu ishirini. Bampa na bomba la moshi ni mapatano. Siku njema anapata magari mawili. Siku umeme ukikatika, anaing'arisha drili yenyewe ili asionekane amekaa bure.

Ana miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Suguti, na hadi miaka minne iliyopita alikuwa mvuvi. Aliacha kwa sababu moja tu, ambayo wenzake wanaisimulia kwa furaha kuliko yeye.

"Mimi nilikuwaga natapika kila siku," anakiri. "Hata ziwa likiwa limetulia. Wenzangu wakawa wananiombea nipate kazi nyingine."

Kazi ikapatikana. Drili alinunua kwa seremala aliyekuwa anahama, na sponji za kwanza, zile za dukani zenye chuma chake kabisa, aliletewa na dereva wa lori kutoka Mwanza. Zilidumu miezi mitatu. Akajaribu mabaki ya fundi viti. Yalikuwa laini mno, yakachanika kabla rimu moja haijakwisha. Hapo ndipo shetani alipomwonyesha godoro la wageni.

Lilikuwa godoro la haja, gumu, zito, inchi nane. Alilitoa mama mkwe wake, Bi Matrida, mfanyabiashara wa dagaa wa Kibara, siku Baltazar alipomwoa binti yake Dorah miaka saba iliyopita. Tangu hapo mama huyo hakuwahi kukanyaga Musoma, na wageni wengine hawakulala. Godoro lilikuwa limekaa tu, likimtazama.

Akalivua foronya yake, akakata kipande kimoja pembeni, upande wa miguuni. Alitumia mdomo wa kikombe kupima na kisu cha mkate kukatia, akapitisha bolti katikati, akakaza nati. Sponji ikafanya kazi vizuri ajabu. Wiki mbili baadaye akarudi kuchukua kingine. Dorah alipouliza sponji zinatoka wapi, alijibu kuwa kuna jamaa humletea. Mashimo yalipofika kumi na saba, jamaa bado alikuwa akileta.

Mwezi wa nne mwaka huu simu ikaja kutoka Kibara. Bi Matrida amesikia kwamba mkwewe ameacha ziwa ili achezee midoli chini ya magari ya watu. Anakuja kujionea. Kama hakuna kazi ya maana, atarudi na Dorah na wajukuu wake wawili, hadi baba yao atakapopata akili.

Baltazar anasema aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mawimbi. Godoro jipya la aina ile lilizidi mapato yake ya mwezi. Akaamua kuziba mashimo. Akashindilia mashati mabovu, jezi ya mpira, soksi, na shimo la mwisho akaliziba kwa koti lake la harusi. Akavalisha foronya, akatandika shuka la maua. Ukilitazama ukiwa mlangoni, usingedhani lolote.

Mgeni akafika jioni. Kwa adabu za familia yao, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja wala hawatazamani usoni. Baltazar akasalimia akiwa mbali, macho chini, kisha akala ugali wake nje. Hata kama angetaka kujieleza, angeanzia wapi?

Asubuhi alikuwa amechuchumaa uani Dorah alipotoka na ujumbe. Mama mwenyewe alikuwa ndani, hatua tano tu, dirisha wazi, lakini maneno yalipaswa kupitia kwa binti.

"Mama anasema kiuno chake kilishuka kwenye shimo, akakuta soksi," alisema Dorah. "Anasema pia soksi haijafuliwa. Anauliza, kwenu kuna panya?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Panya wa Kitaji wana sifa zao, nani angebisha? Lakini Baltazar alimtazama mkewe, akaona midomo inamtetemeka, asijue ni hasira au kilio.

"Mwambie siyo panya," akasema. "Mwambie ni mimi."

Kutoka ndani ukaja ujumbe mfupi: mama anataka kuona hicho kilichokula godoro lake.

Wakaenda kazini, yeye mbele, wao nyuma. Kulikuwa na gari linasubiri. Akapiga magoti, akawasha drili, dawa ikamwingia puani. Alisugua rimu moja kwa nusu saa, akaifuta kwa kitambaa, akabaki ameinamia palepale. Bi Matrida akasogea nyuma yake.

Na mle ndani ya rimu, kwa mara ya kwanza katika miaka saba, Baltazar akauona uso wa mama mkwe wake vizuri. Alikuwa anacheka. Akainama zaidi, akakitumia chuma kile kurekebisha kilemba chake, bila haraka, kisha akamgeukia binti yake.

"Mwambie mume wako hii ni kazi," alisema.

Kesho yake alipanda basi peke yake. Dorah alibaki, ingawa kwa wiki nzima alimpikia mumewe bila kumsemesha, kwa ajili ya yule jamaa wa kuleta sponji.

Mwezi uliofuata basi kutoka Bunda lilishusha godoro jipya, inchi nane. Lilikuwa limechorwa mstari mweusi wa kalamu ya wino mzito, kutoka upande hadi upande. Maelezo yakaja kwa simu ya Dorah: mama ni mfupi, kwa hiyo juu ya mstari atalala yeye akija Krismasi. Chini ya mstari, upande wa miguuni, ni kazi.

Baltazar anapanga kuvuta umeme wake mwenyewe, aachane na vichwa vya saluni, na kuagiza sponji za dukani boksi zima. Anataka afanye hivyo kabla ya Krismasi. Kufika kwenye mstari zimebaki inchi nne, na kila Jumapili wakitoka kanisani Dorah hupita chumba cha wageni na rula.