Vitambaa Viwili vya PM

Sijawahi kuwapenda polisi wa jeshi, katika nchi yoyote niliyopita. Kitwe na Tunduma watu huwaita MP. Ukivuka upande wa Angola ni PM, na kwetu Likasi pia ni PM, ila kila mmoja hulitamka kwa ulimi wa mkoloni wake. Baba alipenda kusema jandarme, lakini neno hilo Katanga lina mambo yake mazito tangu vita vya kujitenga, na mama alikuwa akimkata palepale. Jina libadilike litakavyo, kazi ni ile ile: askari wa kukamata askari, na raia akipita karibu naye anaambulia kofi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiwasimulia watu kilioni, mtaani kwetu Kikula, siku ya pili baada ya mama kufariki. Nilirudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kuzurura, na sikuleta chochote isipokuwa hadithi.

Mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama, alikuwa amefika asubuhi juu ya lori la makaa. Yeye ni mwanajeshi. Mama alikuwa amesema tangu zamani kwamba siku yake ikifika, huyo ndiye atakayeshika jeneza upande wa kichwa.

"Bamekupa ruhusa?" nilimuuliza.

"Bamenipa, yaya," alijibu; yaya kwetu ni kaka mkubwa.

Nilimwamini. Kumbe mkubwa wake alimkatalia, naye akatoroka kambini ili amzike mama tu, kisha arudi kupokea adhabu. Nilipaswa kuona kwamba kila alipokaa aliligeukia lango.

Kwetu kilio si machozi matupu. Wajukuu wa marehemu, tunaowaita bizukulu, wana haki ya kutania siku hizo. Huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, huzuia jeneza njiani, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mabinti wawili wa dada yetu, wote wameolewa, walikuja kwangu, mjomba wao, wakicheka.

"Tonton, beye wa PM bavalaka namna gani?"

Nilifurahi kuulizwa. Nilipasua shuka kuukuu vipande viwili, nikaandika PM kwa mkaa, nikawafunga mikononi. Nikawavisha sufuria vichwani, tena nikawafundisha kusimama miguu wazi, na ile sauti yao ya kukaripia. Nilijua vizuri, nimekaripiwa nayo mipakani mara nyingi.

Kesho yake jeneza lilitoka mochwari, likawekwa uani. Padri alipomaliza sala, lango likapigwa teke. Walisimama pale wawili, jua likiwa nyuma yao, filimbi inalia.

"PM! Musoda iko wapi? Karatasi ya ruhusa!" walikaripia, wakimtaka mwanajeshi wetu.

Mdogo wangu hakuangalia mara ya pili. Alikanyaga meza ya sahani, akaparamia ukuta wa nyuma na kutoweka.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Walidhani anajibu utani kwa utani, kama inavyotakiwa. "Musoda anakimbia! Mukamate!" Nami nilicheka, labda kuliko wote.

Tuliacha kucheka jeneza lilipoinuliwa na upande wa kichwa ukabaki bila mtu. Simu ya mdogo wangu ilikuwa imezimwa. Tulisubiri. Dereva alipiga honi, akapiga tena. Mmoja wa mabinti alivua sufuria na kuketi chini akilia kweli.

Nilisogea nishike mahali pake. Mama mdogo, dada wa marehemu mama, alinisukuma kifuani kwa mikono yote miwili.

"Hapana weye! Umetembea dunia muzima, na unatuletea nini? Bitambaa?"

Jirani ndiye aliyeshika. Mimi nilitembea nyuma kabisa hadi makaburini.

Alasiri simu yangu iliita. Alikuwa mdogo wangu, yuko kwenye barabara ya Koni, amejificha kwenye majani marefu, akingoja gari lolote.

"Yaya, balinifuata mpaka wapi?"

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kumwachia angalau adui wa kuchukia.

"Hakuna aliyekufuata. Ilikuwa bizukulu. Miye ndiye niliwafunga bitambaa."



"Bamemuzika?"

"Bamemuzika."

"Nani alishika kwa kichwa?"

Nilimtajia jirani.

"Mbona hukunifuata hata kunipigia kelele?"

"Nilikuwa nacheka," nikasema.

Alikata simu. Baadaye tulipata habari kwamba alirudi kambini mwenyewe, kwa miguu, na PM wa kweli walimpokea langoni. Nami jioni ile ile, niliporudi ndani kuchukua begi langu, nilikuta mama mdogo ameshalitoa nje barabarani.